Y Imekuwa Z na Ctrl Haishiki: Kupanga Upya Vitufe vya Laptopu ya Mtumba

Swali: "Nafanya kazi ya kuchapa na kutafsiri nyaraka, nyingi ni mikataba na viapo. Mwezi uliopita nilinunua laptopu ya mtumba iliyotoka Ujerumani, ina Windows 11. Kibodi yake ina Ü, Ö na Ä, na pale nilipozoea Ctrl pameandikwa Strg. Nikiandika 'yangu' inatoka 'zangu', na ng'ombe inatoka 'ngómbe'. Strg ya kushoto haishiki mpaka niikandamize kwa nguvu, na sasa kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinaniuma. Fundi mmoja anasema kibodi nzima ibadilishwe. Mwingine anasema Windows ifutwe, iwekwe ya Kiingereza. Nimesikia Caps Lock inaweza kugeuzwa ikawa Ctrl. Ni kweli? Sitaharibu kompyuta? Mwenzangu wa ofisini anaitumia pia, na mwisho wa wiki mimi hutumia MacBook ya dada yangu, sipendi vidole vichanganyikiwe."

Ndugu msomaji, pole kwa kidole. Caps Lock kugeuzwa Ctrl ni kweli kabisa, na hutaharibu chochote, maana kila hatua nitakayokueleza ina njia yake ya kurudi. Kufuta Windows hakuna haja hata kidogo. Kubadilisha kibodi huenda kukahitajika siku moja, ila si leo na si kwa sababu ya Y na Z. Hayo ni matatizo mawili tofauti yaliyokutana kwenye kibodi moja: herufi zimekaa vibaya kwa sababu ya mpangilio wa lugha, na Strg haishiki kwa sababu ya ubovu wa kitufe chenyewe. Ukiyachanganya utalipa fundi pesa nyingi na Y itabaki palepale.

Ili uone kwa nini, fuata safari ya kitufe kimoja. Unapobonyeza, mguso wa umeme unafungwa chini ya kitufe, na chipu ndogo ya kibodi inatuma namba ya mahali ulipobonyeza. Haitumi herufi. Kibodi haijui kama juu ya kitufe pamechorwa Z au Y. Inajua tu kwamba kitufe fulani cha mstari fulani kimeshuka, na baadaye kwamba kimepanda. Windows inaipokea namba hiyo, inaipitisha kwenye jedwali la lugha uliyochagua, na hapo ndipo herufi inapozaliwa. Mwisho programu, tuseme Word, inaamua herufi hiyo ikiambatana na Ctrl ifanye kazi gani. Kwa hiyo kuna ngazi nne: chipu ya kibodi, namba ndani ya Windows, jedwali la lugha, na programu. Kila tatizo lina ngazi yake, na kulitibu kwenye ngazi nyingine ni kupoteza muda.

Tuanze na Y na Z, kwa sababu hili ndilo linaloweza kukuletea kesi. Kwenye kibodi za Kijerumani herufi hizo mbili zimebadilishana nafasi: Z iko juu kati ya T na U, Y iko chini kushoto karibu na Shift. Vidole vyako vimejifunza mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo vinakwenda mahali pa Y na kupata Z. Kwa Mwingereza kosa hilo lingeonekana mara moja, neno lingekuwa takataka. Kwa Kiswahili halionekani. "Yangu" na "zangu" yote ni maneno sahihi, vivyo hivyo "yake" na "zake", "yote" na "zote", kwa hiyo kikagua tahajia hakitapiga mstari mwekundu. Na nomino nyingi za mikataba hazibadiliki umbo katika wingi: nyumba, hati, barua, kazi, fedha. Andika "hati yake" ikatoka "hati zake", tayari hati moja imekuwa nyingi, na sentensi bado inasomeka vizuri. Tafadhali rudia kusoma kila waraka uliouchapa kwenye laptopu hii kabla haujasainiwa. Katika Word bonyeza Ctrl+F, tafuta "zake", "zangu", "zao", "zote", "zilizo", kisha zile za Y, na pima kila moja kwa maana yake. Usitumie kubadilisha zote kwa mkupuo, kwa sababu baadhi ya hizo Z ulizikusudia.

"Ngómbe" ina chanzo kilekile. Ulipotafuta ritifaa, ile alama ya ' katika ng'ombe, ukaona alama inayofanana nayo kando ya kitufe cha kufutia nyuma. Ile si ritifaa, ni mkazo wa herufi. Ukiibonyeza haiandiki kitu. Inasubiri herufi inayofuata, na ikiwa ni vokali inaipanda kichwani. Ng, mkazo, kisha o: ngó. Hii inatibika kwa mkupuo bila hofu, kwa sababu Kiswahili hakina vokali za mkazo. Tafuta "ngó" weka "ng'o", tafuta "ngá" weka "ng'a", ukimaliza pitia "ngé", "ngí" na "ngú". Kwenye mpangilio wa Kijerumani ritifaa halisi iko kando ya Enter: Shift pamoja na kitufe chenye alama ya #.

Sasa tiba. Fungua mipangilio ya Windows kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia Time & language, kisha Language & region. (Kama maandishi ya skrini ni ya Kijerumani, mlango ni Zeit und Sprache, halafu Sprache und Region.) Pembeni mwa lugha iliyopo kuna nukta tatu, zibonyeze, chagua Language options, shuka mpaka Keyboards, bonyeza Add a keyboard, chagua US. Iwe US tupu. Ipo nyingine inaitwa United States-International, na hiyo itakurudishia msiba wa ngómbe, kwa sababu humo ritifaa yenyewe hufanya kazi ya mkazo: inasubiri vokali na kuipanda kichwani. Watu wengi wenye kibodi za Kimarekani wanaolalamikia ng'ombe wamo kwenye mtego huo bila kujua.

Ukishaongeza US, iondoe ile ya Kijerumani palepale. Usiiache "kwa dharura". Ikibaki, Windows itakuwa inabadilisha kati ya hizo mbili kila kidole kinapogusa kitufe cha Windows pamoja na Space, na katikati ya waraka utaanza kupata Z tena bila kujua kilichotokea. Umeona kwamba hukugusa lugha ya skrini? Ni mambo mawili yasiyotegemeana. Skrini ya Kijerumani inaweza kukaa na kibodi ya Kimarekani, na kinyume chake. Ukitaka na skrini iwe ya Kiingereza, lugha inapakuliwa kwenye ukurasa huohuo, isipokuwa kama toleo lako la Windows ni lile la lugha moja tu, linaloitwa Single Language.

Baada ya hapo michoro ya kibodi itakuwa inadanganya, na ni vizuri ujue inadanganya wapi. Kitufe kilichochorwa Z kitaandika Y, na kilichochorwa Y kitaandika Z. Ö itakuwa nuktamkato, Ü itakuwa mabano ya mraba, ß itakuwa kistari. Ritifaa itakaa kwenye Ä, pale vidole vyako vilipozoea. Alama ya @ itarudi kwenye Shift+2, ilikuwa AltGr+Q (AltGr ni Alt ya kulia). Stika za herufi zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, na kwa mwenzako anayeandika kwa kuangalia vitufe stika hizo ni za lazima, vinginevyo umemtatua mmoja ukamtesa mwingine.

Jambo moja linalowakwamisha watu hapa ni neno la siri. Skrini ya kuingilia huwa na mpangilio wake, na inaweza kubaki ya Kijerumani hata baada ya wewe kubadilisha. Neno lenye y, z, au alama kama @ na - litakataliwa, nawe utaapa kwamba uliandika sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kuzima, rudi Language & region, fungua Administrative language settings, bonyeza Copy settings, na weka alama ya tiki kwenye Welcome screen and system accounts. Ikitokea umeshakwama, chini kulia kwenye skrini hiyo kuna kifupisho cha lugha. Kibonyeze uchague US.

Huenda pia umeona kitu kingine ambacho hukukitaja: ukitaka kurudisha nyuma kosa katika Word kwa Ctrl+Z, badala ya kufuta inarudia jambo ulilofanya mwisho. Hiyo si ajabu. Njia za mkato katika Windows hufuata herufi na si mahali, kwa hiyo kidole kilichokwenda mahali pa Z kilibonyeza Ctrl+Y, ambayo katika Word ni amri ya kurudia. Itapona pamoja na mengine.

Tuje kwenye Strg. Ni kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya uendeshaji, na kazi yake ni ileile ya Ctrl. Kabla ya kuhamisha chochote, pima. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika osk, bonyeza Enter. Itatokea picha ya kibodi kwenye skrini. Sasa gusa Strg ya kushoto polepole mara kumi. Kila inaposhika, Ctrl kwenye picha inabadilika rangi. Ikishika kila mara, kitufe ni kizima na tatizo liko kwenye namna ya kubonyeza. Ikishika mara tatu kati ya kumi, mguso wa chini umechakaa au una uchafu. Na ikibaki imewaka hata ukiondoa kidole, kitufe kimenasa. Kunasa kuna dalili zake kazini: ukizungusha gurudumu la mausi ukurasa unakuwa mkubwa na mdogo, ukiandika a waraka wote unachaguliwa, ukiandika n linafunguka dirisha jipya. Angalia hili kwa makini, maana tiba ya kitufe kisichoshika si tiba ya kitufe kilichonasa.

Kama ni uchafu, jaribu kusafisha kwanza. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, iinamishe, pulizia hewa kwa kopo la hewa au blowa ndogo kuzunguka kitufe. Isiposaidia, lowesha kidogo tu pamba ya kusafishia masikio kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pitisha kwenye kingo za kitufe, bonyeza mara ishirini au thelathini, acha ikauke dakika kumi. Usimimine. Na usiking'oe kitufe kwa bisibisi: chini yake kuna vikono viwili vya plastiki vyembamba vilivyopishana kama mkasi, na vikivunjika hapo ndipo fundi wa kwanza atakuwa na haki ya kukuuzia kibodi.

Iwapo haikupona, kuna njia tatu za kupata Ctrl mahali pengine, na nitakwambia wazi ninayoipendelea.

Kwanza tazama kona ya chini kushoto ya kibodi. Kama kitufe cha pembeni kabisa ni Fn na Strg inafuata, kama zilivyo ThinkPad nyingi za Lenovo, una bahati. Fn kwa kawaida haifiki Windows. Chipu ya kibodi huimalizia hukohuko chini, ndiyo maana hakuna programu ya Windows itakayoweza kuihamisha, na anayekuahidi hivyo hajajaribu. Lakini kwenye ThinkPad chipu yenyewe inaweza kuambiwa ibadilishane Fn na Ctrl. Washa laptopu, bonyeza F1 mfululizo mpaka BIOS ifunguke, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta iliyo chini ya Windows, ingia Config, kisha Keyboard/Mouse, tafuta Fn and Ctrl Key swap, iweke Enabled, hifadhi kwa F10. Fn nzima ya kona sasa ni Ctrl, na Strg mbovu imekuwa Fn, ambayo unaihitaji mara chache. Badiliko hili liko chini ya Windows, kwa hiyo linafanya kazi kila mahali, hata kwenye skrini ya neno la siri. Ikiwa laptopu yako inayo, fanya hili kabla ya yote. Chapa nyingine nazo zina kipengele kama hicho, kwa hiyo hata kama si ThinkPad pitia kurasa za BIOS uone.

Njia ya pili ni PowerToys, programu ya bure ya Microsoft inayopatikana Microsoft Store. Ndani yake kuna Keyboard Manager. Iwashe, chagua Remap a key, upande wa kushoto weka Caps Lock, upande wa kulia weka Ctrl (Left), hifadhi. Inaanza kazi papo hapo bila kuwasha upya. Hakikisha taa ya Caps Lock imezimwa kabla hujahifadhi, vinginevyo utabaki kwenye herufi kubwa bila kitufe cha kuzizima. Uzuri wa PowerToys ni kwamba mipangilio yake ni ya akaunti moja: wewe na mwenzako mkiwa na akaunti tofauti za Windows, wewe utakuwa na Ctrl kwenye Caps Lock na yeye ataikuta Caps Lock yake kama alivyoizoea. Udhaifu wake ni kwamba inafanya kazi ikiwa imewaka tu. Kwenye skrini ya kuingilia haipo, na ndani ya dirisha lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi haina nguvu mpaka nayo ifunguliwe kwa mamlaka hayo. Na zipo njia za mkato ambazo Windows haimruhusu mtu kuzigusa: Ctrl+Alt+Delete, na kitufe cha Windows pamoja na L cha kufungia skrini.

Njia ya tatu inaingia kwenye sajili ya Windows (Registry, ghala la mipangilio yake), ngazi ya namba, na ndiyo imara zaidi katika zinazofanyika ndani ya Windows. Haihitaji programu yoyote kuwaka, ila inagusa akaunti zote na kila kibodi utakayochomeka. Fungua Notepad, andika mistari hii bila kupunguza kitu:

Windows Registry Editor Version 5.00

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout]
"Scancode Map"=hex:00,00,00,00,00,00,00,00,02,00,00,00,1d,00,3a,00,00,00,00,00

Hifadhi kwa jina kama ctrl.reg, ukihakikisha mwisho wake si .txt, ibonyeze mara mbili, kubali, kisha washa kompyuta upya. Nieleze namba hizo, kwa sababu kunakili bila kuelewa ndiko kunakoharibu. Sifuri nane za mwanzo ni kichwa tu. 02 ni idadi ya mistari, ukihesabu na ule wa kufungia wa mwisho. Badiliko moja na mfungo mmoja, jumla mbili. 1d ni Ctrl ya kushoto, 3a ni Caps Lock. Anayetangulia ni yule unayemtaka, anayefuata ni kitufe unachokibonyeza. Ukigeuza, unaifanya Ctrl kuwa Caps Lock, na hilo ndilo kosa la kawaida. La pili kwa ukawaida ni kuandika Keyboard Layouts yenye s: folda hiyo nayo ipo jirani kabisa, Windows itakubali bila kulalamika, na hakuna kitakachobadilika.

Kama kipimo kilionyesha Strg imenasa, kuhamisha Ctrl peke yake hakutasaidia kitu. Inabidi kitufe kibovu kinyamazishwe pia. Mstari wa mwisho uwe hivi:

"Scancode Map"=hex:00,00,00,00,00,00,00,00,03,00,00,00,1d,00,3a,00,00,00,1d,00,00,00,00,00

Idadi imekuwa 03, na 00,00,1d,00 maana yake ni "1d isiwe kitu". Angalizo: ukiwa umeshabadilishana Fn na Ctrl kwenye BIOS, usitumie mstari huu. Ile kona nzima sasa ndiyo inayotuma 1d, na utakuwa umenyamazisha kitufe kizima.

Kurudi nyuma ni rahisi. Fungua regedit, programu ya kuhariri sajili, nenda kwenye njia ileile, futa Scancode Map peke yake, washa upya. Usifute kingine chochote humo. Na kama kompyuta ni mali ya ofisi, mwombe kwanza anayeisimamia, hata kama neno la siri la msimamizi unalo.

Ushauri wangu kwako: kama BIOS haina kubadilishana, na Strg haijanasa, tumia PowerToys wiki mbili. Kidole kitajifunza, utajua kama unaipenda, na mwenzako hatasumbuka. Mkikubaliana wote, hamieni kwenye sajili na muondoe PowerToys; zisifanye kazi zote mbili kwa kitufe kimoja. Kama imenasa, ruka moja kwa moja kwenye sajili.

Utauliza vichwa vya habari vya mikataba utavipataje bila Caps Lock. Viandike kwa herufi ndogo, vichague, bonyeza Shift+F3. Kila ukibonyeza Word inazungusha kati ya ndogo, kubwa za mwanzo na kubwa zote. Kwenye baadhi ya laptopu lazima ushikilie na Fn. Kwa anayechapa viapo ni bora hata kuliko Caps Lock, kwa sababu inasahihisha na yale uliyokwisha kuandika.

Kuhusu njia zako za mkato ndani ya Word, hapo tuko ngazi ya nne na hatari ni ndogo. Ingia File, Options, Customize Ribbon, na chini bonyeza Customize palipoandikwa Keyboard shortcuts. Chagua amri, kwa mfano PasteTextOnly inayobandika maandishi bila rangi na fonti za kule yalikotoka, kisha bonyeza vitufe unavyotaka. Kabla ya Assign soma mstari wa Currently assigned to. Pakiwa na jina la amri, unapokonya kitu. Epuka Ctrl+Alt pamoja na herufi ikiwa kuna mtu anatumia mpangilio wa Kijerumani au wa Kifaransa, maana kwa Windows AltGr ni sawa na Ctrl na Alt kwa pamoja. Ukijiwekea Ctrl+Alt+Q, Mjerumani atapoteza @ yake ndani ya Word. Mipangilio hii hukaa kwenye faili la Normal.dotm, chukua nakala yake, ukihamia kompyuta nyingine utaibeba.

Kwenye MacBook ya dada yako hali ni nyepesi, ila kuna tofauti ya msingi: kazi nyingi za Ctrl huko zinafanywa na Command. Ukigeuza Caps Lock kuwa Control kwenye Mac, kunakili hakutafanya kazi. Fungua System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, kisha Modifier Keys, na Caps Lock iweke Command. Kwa hiyo kidole kilekile mahali palepale kitanakili na kubandika kwenye mashine zote mbili. Juu ya dirisha hilo kuna kuchagua kibodi gani inabadilishwa, na Restore Defaults ya kumrudishia dada yako kila kitu Jumapili jioni.

Sasa kidole, ambacho ndicho kilichonigusa zaidi katika barua yako. Kuhamisha Ctrl kutakipunguzia safari, kwani Caps Lock iko kando ya A, na hapo ndipo Ctrl ilipokuwa kwenye kibodi ya IBM PC ya mwaka 1981. Lakini kidole kidogo bado ndicho kitakachobeba mzigo. Pumzisha kwa kugawa kazi: kwa herufi za upande wa kushoto kama C, V, Z na A tumia Ctrl ya kulia kwa mkono wa kulia. Mkono mmoja usishike Ctrl na kunyoosha kidole kingine kwa wakati mmoja. Siku ambazo maumivu yamezidi, bonyeza Shift mara tano mfululizo na ukubali Sticky Keys. Hapo unabonyeza Ctrl, unaiachia, kisha unabonyeza C, na Windows inazihesabu kama zimeshikwa pamoja. Ukija kushika viwili kwa pamoja, kwa kawaida inajizima yenyewe.

Watu wakisikia maumivu ya mkono kwa mchapaji husema mara moja ni mshipa wa kiganja. Ule huleta ganzi kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete hupitia mshipa mwingine, unaozunguka kiwiko, na mara nyingi hubanwa na tabia ya kuegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza. Angalia unavyokaa. Ikiwa kuna ganzi, ikiwa inakuamsha usiku, ikiwa unaanza kudondosha vitu, au maumivu yamepita wiki mbili licha ya kupumzisha, nenda hospitali ukamwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Hilo halisubiri mpangilio wa vitufe.

Na kwa fundi utarudi lini? Ukiona vitufe vingine vinaanza kufa jirani na Strg, kwa mfano Shift ya kushoto au ile Y ya chini, ni dalili ya kimiminika kilichowahi kuingia, na karatasi ya migusano iliyo chini inaendelea kuliwa na kutu. Hapo kibodi ibadilishwe kweli. Muulize mambo mawili kabla ya kulipa. Je, kibodi ya laptopu hii imefungwa kwa skrubu, au imeshikiliwa na vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa? Za skrubu ni kazi fupi. Za plastiki mara nyingi hubadilishwa pamoja na bamba zima la juu, na bei inapanda. Pili, kibodi anayoileta ina Enter ya umbo gani? Ya Kijerumani ni ndefu, inashuka mistari miwili. Ya Kimarekani ni ya mstari mmoja. Kama bamba la laptopu limetobolewa tundu moja moja kwa kila kitufe, ya Kimarekani haitaingia hata kama mfano wa laptopu ni uleule. Wakati huo mwambie atafute ya Kiingereza cha Uingereza: Enter yake ni ndefu vilevile, na Y iko mahali pake. Ukitaka na alama zifuate michoro yake, ongeza United Kingdom kwenye ukurasa uleule wa Keyboards uiondoe US, maana huko @ na nukuu mbili zimebadilishana nafasi.